Mama mkwe hataki kulala kwenye gari-nyumba, na mimi nimeshalipa

Mzee, salamu kutoka Donholm.

Nina jambo ambalo limeninyima usingizi wiki mbili sasa, na kila ninayemwambia hucheka kwanza kabla ya kunisikiliza.

Mimi ni baba wa watoto watatu: kijana wa miaka 13, msichana wa 9, na kitinda mimba wa 4. Miaka yote Agosti ikifika tunaenda nyumbani Bungoma, tunakula mahindi ya kuchoma, tunarudi. Mwaka huu nikasema hapana, tutazuru kaskazini, watoto wakaone jangwa. Katika pitapita zangu kwenye simu nikaona gari linakodishwa: Toyota Hiace iliyoinuliwa paa na kugeuzwa nyumba. Ina vitanda 5, jiko la gesi, friji ndogo, sinki, tangi la maji la lita 60 na mapazia ya maua. Nilienda kuiona Jumamosi. Nikakaa kwenye kitanda cha nyuma, mlango ukiwa wazi, nikajiona niko ukingoni mwa Ziwa Turkana nikinywa chai. Nikalipa arubuni ya shilingi 40,000 papo hapo, kwa siku 9. Mke wangu alijua jioni.

Ratiba yangu ni hii. Siku ya kwanza Maralal, ya pili Baragoi na South Horr, ya tatu Loiyangalani. Kisha siku mbili mbuga ya Sibiloi, maana kijana wangu amesoma shuleni habari za Koobi Fora na binadamu wa kale na hanyamazi. Tunarudi kupitia North Horr na jangwa la Chalbi, tunalala Marsabit, tunalala Samburu, tunaingia Nairobi. Mwenye gari ameniambia gari lake linafika popote.

Sasa mama mkwe. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori. Miaka mingi alibeba unga, sukari na mablanketi kutoka Isiolo kwenda Marsabit na Moyale, na mama akabaki Kakamega na watoto akingoja. Mke wangu alipomweleza kuhusu safari, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi ningependa kuiona Marsabit." Basi tukakubaliana aje. Ana miaka 71, ana presha, lakini anatembea vizuri.

Alipoelezwa kuhusu gari aliuliza swali moja tu: "Na huyo mume wako atalala wapi?" Mke wangu akamjibu kwamba sote tutalala ndani. Mama akakata simu. Baadaye akatuma ujumbe kwamba yeye hawezi kulala ndani ya debe pamoja na mkwe wake, na kwamba anashangaa mimi, mtu wa kwetu, naweza hata kuliwaza jambo hilo. Unajua kwetu, Mzee. Mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hata akija Nairobi hulala kwa shemeji yangu Kayole, nasi tuna chumba cha wageni.

Mimi nasema gari si nyumba. Mke wangu anasema gari likiwa na kitanda na mapazia ni nyumba. Zaidi ya hapo ananidai 40,000 ambazo anasema zilikuwa za karo, na anataka nighairi kila kitu twende Mombasa kwa treni kama watu wa kawaida.

Nishauri. Gari ni nyumba au si nyumba? Ratiba yangu ina kasoro? Na nisalimishe arubuni yangu?

Mkwe Asiye na Paa, Donholm


Ndugu yangu Mkwe,

Nilicheka, nisikufiche. Halafu nikaisoma barua yako mara ya pili nikaacha.

Nimeendesha watalii na familia katika barabara hizo za kaskazini kwa miaka mingi, na mimi pia nina mama mkwe. Kwa hiyo nitayajibu yote mawili, ya njia na ya mila, ila nitaanza na njia kwa sababu ndiyo inayoweza kuua mtu.

Ratiba yako haitekelezeki. Sizungumzii ugumu, nazungumzia hesabu. Kutoka Nairobi hadi Sibiloi kwa gari ni safari ya kama siku tatu, na hizo ni siku za mtu mwenye Land Cruiser, dereva mzoefu na bahati. Siku tatu kwenda, tatu kurudi, umebaki na tatu. Ndani ya hizo tatu unataka kutazama ziwa, Koobi Fora, Chalbi, msitu wa Marsabit na wanyama wa Samburu, ukiwa na mtoto wa miaka 4 anayetaka kukojoa kila nusu saa. Mtakachokiona ni kioo cha mbele cha gari.

Na gari lenyewe. Hiace ni gari la heshima, limelea nchi hii. Lakini hiyo yako imeinuliwa paa, imewekewa makabati, friji na tangi, yaani imeongezewa uzito juu na chini haikuongezewa kitu. Ukikaribia Loiyangalani kutoka South Horr utakutana na mawe meusi ya volkano yenye ncha, yanayochana tairi kama mtu anayemenya muhogo. Ukija upande wa Chalbi utakutana na kinyume chake. Chalbi ilikuwa ziwa zamani. Kikikauka kitanda chake ni kigumu na cheupe kwa chumvi, unaweza kudhani umepata uwanja wa ndege. Mvua ikinyesha kidogo tu, ile ngozi ya juu inapasuka na chini kuna tope. Gari zito lenye magurudumu mawili ya kusukuma likizama humo halitoki kwa kusukumwa na msichana wa miaka 9.

Kisha maji. Kwa joto la huko mimi huhesabu lita 5 kwa kichwa kwa siku, za kunywa na kupika tu, bila kuoga. Nyinyi ni watu 6, hizo ni lita 30 kwa siku. Kwa siku 5 za upande wa ziwa ni lita 150, na akiba ya siku 2 mkikwama, 60 nyingine. Jumla lita 210, ambazo ni kilo 210. Tangi lako ni la lita 60. Mitungi minane ya lita 20 utaiweka wapi, juu ya kitanda cha mama mkwe? Usiniambie mtachota ziwani. Maji ya Turkana yana magadi, na mamba wake hawajasoma ratiba yako.

Njia ya Maralal hadi Baragoi sitaisema sana. Maeneo hayo huwa na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki. Kuna miezi ni shwari na kuna miezi si shwari, na hali inaweza kubadilika kati ya siku uliyouliza na siku uliyofika. Watu hupita, ndiyo. Hupita wakiwa magari mawili au zaidi, wakiwa wamezungumza na polisi na wenyeji wa kila mji kabla ya kuuacha. Baba mwenye gari moja la kukodi na familia nzima ndani asipite.

Mwenye gari amekuambia linafika popote. Muulize swali jingine: mkataba uliosaini unasema nini kuhusu barabara zisizo za lami? Soma usiku huu. Mikataba mingi ya kukodi magari hukuachia gharama yote ya uharibifu ukiwa nje ya lami, na bima nayo huangalia kando. Hakikisha pia bima yenyewe ni ya gari la kukodisha. Kama ni ile ya gari la mtu binafsi, siku ya ajali utagundua unaendesha karatasi.

Na kuna jambo ambalo hukuliandika, huenda hata hukulitazama. Umehesabu vitanda 5. Mikanda ya kiti je? Magari mengi ya aina hii yaliyogeuzwa nyumba hubakiwa na viti vitatu au vinne vyenye mikanda, halafu watoto wanalazwa kitandani nyuma gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Ukifunga breki ghafla kwa sababu ya ngamia, na utafunga, mtoto aliye kitandani anakuja mbele. Nenda ukahesabu mikanda. Ikiwa haifiki 6, mwambie mwenye gari aongeze viti vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chuma cha gari, isiyoshikiliwa na mbao za kabati. Akikataa, hapo ndipo nitakuunga mkono kudai arubuni yako hata kwa kelele.

Ukiwa huko, chuchumaa uangalie tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Ukikuta 2317, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na hata kama ina meno mazuri, mpira wake umezeeka. Gari la kukodisha hukaa sana limeegeshwa, kwa hiyo tairi huzeeka zikiwa na sura ya ujana. Nataka spea mbili, si moja.

Sasa nirudi kwenye barua yako, pale katikati. Umeandika kwamba mama alinyamaza kidogo, kisha akasema angependa kuiona Marsabit. Ukaipita sentensi hiyo kama matatu inavyopita abiria wa shilingi ishirini. Ndugu yangu, mzee wa watu hakukuomba Turkana. Hakukuomba Sibiloi wala Chalbi. Ameomba mji mmoja, na mji huo uko kwenye lami.

Siku hizi ni lami, lakini hukuwa mtu wa kusafiri huko enzi za baba mkwe wako. Mimi nilikuwa. Malori yalikuwa yakikusanyika pale kwenye kizuizi cha Isiolo yakingoja msafara wenye askari, maana kwenda peke yako ilikuwa kujitafutia majambazi. Ukitoka hapo ni mawe na vumbi, barabara ya mawimbi inayokung'oa meno, tanboi, wale wasaidizi wa dereva, wamekaa juu ya magunia wamejifunga vitambaa usoni. Springi zilikuwa zinakatika kama njiti. Dereva angeweza kulala njiani siku mbili au tatu, na Kakamega hakuna simu ya mkononi ya kusema niko salama. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, ilikamilika katika muongo wa 2010. Leo kutoka Isiolo hadi Marsabit, kilomita kama 260, unaondoka baada ya kifungua kinywa na chakula cha mchana unakula Marsabit. Mama huyo ana miaka hamsini ya kungoja kichwani mwake na wewe unaweza kumwonyesha yote kwa asubuhi moja. Kwa gari hilo hilo lenye mapazia ya maua.

Kwa hiyo arubuni usisalimishe. Badilisha njia. Siku 9 zinakutosha mpaka uchoke.

Siku ya kwanza fikeni Nanyuki tu, mkilala mapema. Kesho yake mnapita Timau, halafu ule mteremko mrefu wa kushukia Isiolo, ambako ardhi inafunguka mbele yenu kijani kikigeuka kahawia. Watoto watauliza kama ndiyo jangwa. Wewe usitazame sana mandhari. Weka gia ndogo tangu juu, gari zito likishuka kwa breki peke yake breki hupata moto zikaacha kushika. Jazeni mafuta Isiolo. Tangu hapo ni Archer's Post, na hapo mko langoni mwa Samburu na Buffalo Springs, zinazotenganishwa na mto Ewaso Nyiro. Kaeni huko usiku tatu. Mbuga hizo ziko chini ya serikali za kaunti, Samburu upande mmoja na Isiolo upande wa pili, kwa hiyo malipo yake ni tofauti na ya mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la taifa, ambazo hulipiwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali. Ulizia kabla hujafika, usije ukabishana langoni jua likiwa utosini.

Samburu ni nchi kame ya kweli, lakini hiyo Hiace itaimudu wakati wa kiangazi. Van za watalii zimekuwa zikiingia humo miaka yote. Mwambie yule wa miaka 9 atafute wanyama ambao hatawapata Nairobi National Park hata akilala langoni: punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba na masikio ya mviringo, twiga wenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya rangi ya bluu, na swala twiga, yule anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani kama mtu anayefikia kabati la juu. Watano hao wakipatikana, mnunulie soda.

Mahali pa kulala ndani ya mbuga, chagueni kambi rasmi na mlipe askari wa kulinda usiku. Msiegeshe kwenye laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, hata kama mchanga wake ni laini na umekauka kama unga. Mvua hunyesha milimani mbali, nyinyi mnatazama nyota, halafu maji yanafika. Machi 2010 Ewaso Nyiro ulifurika ghafla hivyo hivyo ukabeba kambi na hoteli za Samburu. Matunda yasiwekwe ndani ya hema (la hema nitalifikia), tembo ana pua kuliko polisi wa uwanja wa ndege, na tumbili wa huko wanajua kufungua zipu. Asubuhi kung'uteni viatu, nge hupenda kulala humo. Mtoto mdogo awe na ndoo yake ya usiku. Hakuna kushuka gizani.

Kisha Marsabit, usiku mbili. Hapa wengi hukosea, hubeba nguo za jangwa peke yake. Mji uko juu ya mlima, kama meta 1,400, na Agosti asubuhi kuna ukungu na baridi ya kutaka sweta, huku chini tambarare inaiva kwa joto. Kwa sababu ya baridi hiyo mtu atapata wazo la kuingiza jiko la makaa ndani ya gari mlale kwa joto. Asiingize. Hewa ya makaa haina harufu na haiamshi mtu. Hata gesi, pikeni mlango ukiwa wazi, na mtungi ufungwe kabisa kabla ya kulala. Blanketi ni rahisi kuliko jeneza.

Gari lako liache mjini, mkodi Land Cruiser ya mwenyeji kwa nusu siku muingie Marsabit National Park. Barabara za msituni zina miteremko na tope la ukungu. Humo kuna mashimo ya volkano, wenyeji huyaita gof, na mojawapo lina Ziwa Paradise, au nyasi zake kama mwaka ni mkavu. Huo ndio msitu wa Ahmed, yule tembo ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri ya rais mwaka 1970, kwa sababu pembe zake zilikuwa zaidi ya kilo 60 kila moja na majangili walikuwa wanamhesabia siku. Alikufa kwa uzee mwaka 1974. Sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama uani mwa jumba la makumbusho la Nairobi, na hapo ndipo ningependa safari yenu ianzie, Jumapili moja kabla ya kuondoka.

Maana hapo pia kuna dawa ya yule kijana wako. Amekasirika, najua, Koobi Fora imeondolewa. Mpeleke makumbusho amwone Kijana wa Turkana, mifupa iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mwambie hiyo ilitoka Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa. Ya Koobi Fora ni lile fuvu linaloitwa 1470, lililopatikana mwaka 1972 na Bernard Ngeneo. Wote wawili Wakenya waliokuwa na macho ya kuona mfupa kwenye changarawe. Sibiloi mtaenda akiwa na miaka 16, magari mawili ya kuvuta magurudumu yote manne, wanaume wawili wanaojua kuziba tairi, na bila nyanya yake. Muandikie hiyo ahadi kwenye karatasi. Watoto hawasahau.

Kuhusu presha ya mama: kabla ya safari amwone daktari wake, na amwambie waziwazi kwamba anaenda kwenye joto. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini, na ukiongeza jasho la Archer's Post mtu anaweza kuona kizunguzungu akaanguka. Daktari ndiye wa kusema, si wewe wala mimi. Dawa zake zigawanywe mifuko miwili. Isiolo na Marsabit zote zina hospitali za rufaa za kaunti. Ukiwa na uwezo, jiungeni na mpango wa ndege za wagonjwa wa AMREF Flying Doctors kabla ya kuondoka. Na msisafiri usiku. Punda wa huko huvaa rangi ya lami.

Haya, paa.

Umeuliza kama gari ni nyumba. Likiwa linatembea si nyumba, mchana kutwa mnaweza kukaa humo, mama kiti cha nyuma karibu na binti yake, wewe mbele kwenye usukani ukitazama barabara. Hakuna mzee atakayekulaumu kwa hilo. Watu husafiri na wakwe zao kwenye basi za Kakamega kila siku. Lakini mtu akivua viatu, akafunga pazia na kulala, hiyo ni nyumba. Mke wako yuko sawa. Huwezi kumwambia mwanamke wa miaka 71 kwamba heshima aliyoishika tangu aolewe imefutwa kwa sababu nyumba ina magurudumu.

Nunua hema. Gari ni la mama, binti yake, na watoto wawili wadogo, vitanda vinatosha na kimoja kinabaki cha mabegi. Wewe na kijana mnalala hemani, mbali kidogo, upande usiotazamana na mlango wa gari. Jua likizama unatoa vitu vyako vyote vya usiku humo ndani: tochi, taulo, mswaki, chaja. Baada ya hapo usipande tena mpaka asubuhi mama atakapokuwa ameshuka, ameosha uso, amekaa kwenye kiti chake nje. Hata ukiwa umesahau simu. Kijana wako ndiye mjumbe. Kule Nanyuki na Marsabit msijisumbue, mtafutie mama chumba cha gesti chenye maji ya moto; kwa mwili wake ni nafuu na kwako ni nafuu zaidi. Usiku mmoja wa kurudi pia.

Mimi si mzee wa ukoo wenu, na mila za Bungoma na Kakamega hazifanani kila kitu. Kwa hiyo mpango huu usiupeleke wewe. Aupeleke mkeo, kwa maneno yake, na akimaliza aulize, "Mama, hivi ni sawa?" halafu anyamaze. Mama akitaka uzungumze na ndugu yake mmoja kwanza, zungumza. Akisema hata hema ni karibu mno, basi lala wewe gesti na gari alale yeye. Na usitumie ule msemo wako wa gari si nyumba tena mbele ya mtu yeyote.

Hizo 40,000 za karo, hapo sina ujanja wa kukupa. Ulikosea. Mwombe mkeo msamaha kabla ya kumtuma kwa mama yake, usimtume akiwa bado amekasirika, atakuharibia ujumbe. Na umwonyeshe kwa maandishi karo ya Septemba itatoka wapi. Treni ya Mombasa ipo mwaka wote.

Jambo la mwisho. Mkifika Isiolo, mkiingia ile barabara ya kwenda kaskazini, punguza mwendo na uzime redio. Usianze kueleza kwamba hapa ndipo palikuwa na kizuizi, hapa ndipo malori yalilala. Ngoja. Kama baba mkwe wako alikuwa akimsimulia, atapatambua mwenyewe, na atakuwa wa kwanza kusema.

Mzee